Apitapo Nzohe

"Apitapo nzohe, ng'ombe huzama." Mlilisikia neno hili jana kwa wakata mafunjo, mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Kaeni basi, maana nimeona matope magotini mwenu na sikupenda. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mfugaji mmoja wa milimani, Ruhomvya, alihamia kando ya kinamasi cha Malagarasi. Kiangazi kilikuwa kimemwachia mtamba mmoja tu, Gaju, mwenye mimba. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga na maziwa yamemkauka, kwa hiyo nyumba nzima ilimngoja Gaju azae.

Nyasi za ukingoni zikaisha. Ng'ambo ya mafunjo kulionekana majani mabichi. Ruhomvya alizunguka akitafuta njia, akakuta alama za kwato zimeingia moja kwa moja kwenye mafunjo. Kwao milimani wafugaji husema, palipopita kwato, kwato zitapita. Jambo hilo halikuwahi kumdanganya.

Hapo akakutana na Nyanzobe, mama mkata mafunjo, anatoka na mzigo kichwani.

"We shemeji wa milimani, unampeleka wapi huyo?"

"Ng'ambo, akale. Njia si hii hapa? Ina kwato."

"Hizo za nzohe, yule swala wa majini. Hapo hapana ardhi, shemeji. Funjo ndani lina hewa, linaelea. Mizizi imesukana tu kama mkeka, chini yake ni maji."

"Mbona nzohe anapita? Yeye ni kipepeo?"

"Mwangalie miguu yake kwanza."

"Mama, kasuke mikeka. Ng'ombe niachie mimi."

Mwanzoni Gaju alikwenda vizuri, mafunjo yakinesanesa. Walipofika katikati, miguu yake ya mbele ikautoboa ule mkeka wa mizizi. Ruhomvya akaruka kumshika pembe, naye akazama hadi kifuani. Karibu nao nzohe alikurupuka, akajitosa majini, akabakiza macho na pua tu, akatulia.

Nyanzobe alirudi mbio, akautupa mzigo wake wa mafunjo mbele ya yule bwana.

"Lala juu yake! Usisimame, lala! Mwachie ng'ombe!"

"Simwachii! Mtoto atakunywa nini?"

"Na akikosa baba je? Mwachie!"

Akamwachia. Nyanzobe akamvuta, akiteleza kwa tumbo kama kambale. Alipogeuka, pembe za Gaju hazikuonekana tena.

Kulipotulia, nzohe alitoka majini, akapanda juu ya mafunjo. Kwato zake ndefu zikatanuka kama vidole vya mkono, akapita kando ya lile shimo, akaenda zake.

"Nami niliona kwato," Ruhomvya akasema.

"Uliona," Nyanzobe akamjibu. "Za huyu zimeumbiwa matope. Za Gaju zilizoea mawe."

Mtoto yule alinyonyeshwa na wanawake wa kinamasi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mvua ziliporudi. Baba yake hakufuga tena. Kila alipoona mgeni anaukazia macho ukingo ule, alimwambia maneno ambayo mliyacheka jana.

Sasa nyinyi mnawafuata watoto wa wavuvi. Wale wamezaliwa humo, hawanyanyui mguu kabla ya kupima kwa mti. Nyinyi mmekuja juzi mmenishika kanga. Wakipita, waacheni wapite. Apitapo nzohe, wanangu, ng'ombe huzama.