Mbwa wa Otmari na Kivuli cha Dungu

"Kivuli cha asubuhi si kivuli cha mchana." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo mkacheka, maana nani asiyejua kwamba jua hutembea? Aliyeanza kuusema msemo huo alilijua hilo vizuri kuliko ninyi, na halikumsaidia. Methali hii ilianza hivi.

Bondeni Kilombero aliishi Otmari na mkewe Salveria. Mpunga ukikaribia kukomaa, watu wa huko huhamia shambani, wakajenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, wakae humo kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Lakini Otmari mguu wake ulikuwa mbovu, hakuweza kukimbiza kitu. Mlinzi wao hasa alikuwa mbwa, jike jekundu waliyemwita Watachoka, kuwajibu waliokuwa wakisema ndoa isiyo na mtoto haidumu. Nguruwe wakimsikia hugeuza njia.

Mwaka huo joto lilikuwa baya, lile la unyevu, nguo haikauki mwilini. Kila jua likipanda Salveria alimmwagia Watachoka maji tumboni na miguuni, kisha akamwacha ajitafutie pa kulala kwenye udongo wa migombani. Mbwa hatoki jasho kama sisi, alikuwa akimwambia mumewe, ana ulimi tu.

Siku moja jirani alifiwa. Salveria alitangulia alfajiri kwenda kusaidia kupika. Otmari naye alipotaka kutoka, mbwa akamfuata, na mbwa hapelekwi msibani. Akamfunga kwenye kisiki upande wa machweo, mahali kivuli cha dungu kilipotanda. Kamba akaifanya fupi asijinyonge. Akamwekea sufuria ya maji, akaondoka moyo mweupe.

Maziko yakachelewa, anasubiriwa mtoto wa marehemu kutoka mbali. Jua lilipofika utosini, Salveria akaacha jikoni akaenda walikokaa wanaume.

"Baba, Watachoka umemwacha wapi?"

"Nimemfunga kivulini. Maji anayo."

"Kivuli gani?"

"Cha dungu, mama. Au unadhani nimemfunga jikoni?"

Watani wa marehemu walikuwepo, na kazi yao ni kuchekesha wafiwa. Mmoja akapiga yowe la kilio, akatangaza kwamba misiba ni miwili, huyu mama anamlilia mbwa wake. Watu wakacheka. Salveria akaona aibu. Mtu haondoki msibani kabla ya maziko, tena kwa ajili ya mbwa. Akarudi jikoni, akakoroga ugali, macho yakiwa njiani.

Waliporudi jioni, kivuli cha dungu kilikuwa upande wa pili, kipana, kitupu. Watachoka alikuwa kwenye kisiki, kamba imekaza, amechimba shimo akitafuta ubaridi. Sufuria ilikuwa imepinduka. Salveria akamlowanisha, akampepea kwa kanga. Mbwa akahema kidogo, kisha akaacha.

"Nilimfunga kivulini," Otmari akasema.

"Nilikuuliza kivuli gani," mkewe akajibu.

Nguruwe walikuja. Otmari alipiga debe mpaka mikono ikavimba, nao wakala tu, wakaacha mabua. Majirani walipokuja kumpa pole, walimwambia asijilaumu, kwani mbwa alimfunga kivulini na maji alimwekea. Otmari aliwasikiliza mpaka mwisho, akitazama shamba. Kila aliyemfariji alipata jibu moja, bila hasira:

"Kivuli cha asubuhi si kivuli cha mchana."