Fukusi wa Gugumaji na Amri za Kiboko

Nina ngano!
Tupe tuijue!
Ni ya majini, msije mkalowa.
Tumeshakunja nguo!

Hapo zamani za kale, katika ghuba moja ya ziwa kubwa, aliishi Fukusi, mdudu mdogo mwenye pua ndefu. Yeye na jamaa zake waliishi juu ya gugumaji, mmea unaoelea majini. Walikula gugumaji, wakataga ndani ya gugumaji, na watoto wao wakatoboa mashina yake. Kwa hiyo gugu halikupata nafasi ya kutanda.

Mtawala wa ghuba alikuwa Kiboko, na Kiboko alikuwa na akili nyingi. Mwenyewe alisema hivyo kila asubuhi.

Siku moja akaona mafukusi wamejazana mahali pamoja, akakasirika. Akauliza kwa nini gugumaji lipate mafukusi wote na mimea mingine ikose hata mmoja. Huo, alisema, ni upendeleo.

Akaamuru wahamie kwenye matete. Fukusi akaeleza kwa heshima kwamba wao hawali matete. Akajibiwa kwamba hakuulizwa anakula nini. Wakahama, na wengi wakafa kwa njaa.

Kiboko akatafakari sana, akawahamishia kwenye mafunjo. Huko nako wengine wakafa kwa njaa.

Akatafakari zaidi, akawapeleka kwenye yungiyungi, kwa sababu lina maua mazuri. Karibu wote wakafa kwa njaa wakitazama maua.

Huku nyuma gugumaji likatanda ghuba nzima. Chini yake maji yakawa meusi, mazito. Mama Sato, samaki aliyebeba vifaranga wake mdomoni, akaenda kulalamika kwamba wanakosa pumzi. Wawili walikuwa wameshakufa. Kiboko akamwambia avumilie, maana ugawaji wa mafukusi unakwenda vizuri.

Mama Sato hakuvumilia. Akaogelea hadi kwenye yungiyungi, akamkuta Fukusi na jamaa sita tu.

"Dada, rudi kwako," akamwambia. "Wanangu wanakwisha."

"Na amri ya mkubwa?"

"Amri hailiwi, dada. Panda."

Wote saba wakampanda, naye akaogelea mgongo ukiwa nje ya maji mpaka kwenye gugumaji. Wakaanza kula siku hiyo hiyo.

Asubuhi yake Kiboko akaamka, akakuta gugu limeziba mlango wa kidimbwi chake cha kulala. Akasukuma, akanasa. Akamwita Fukusi, akataka kujua atalimaliza lini gugu hilo.

"Tulikuwa wengi, mheshimiwa," Fukusi akasema. "Sasa tuko saba, na kila mmoja humaliza jani moja kwa siku. Piga hesabu, wewe mwenye akili."

Kiboko akakaa humo misimu miwili, akila alichofikia. Mafukusi wakazaana, gugu likaoza, likazama, vifaranga waliobaki wakapata hewa.

Kiboko alipotoka, mbavu nje, aliitisha mkutano kutangaza kwamba mpango wake umefanikiwa. Hakuja yeyote. Wote walikuwa wamezoea kupumua bila ruhusa yake.

Basi jamani, kabla hujampangia mwenzio pa kukaa, muulize kwanza anaishi kwa kula nini.

Ngano yangu naitua hapa. Yenye faida chukueni, makosa niachieni mimi.