Bi Kobe na Sinia Tatu za Siku ya Mwaka

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, kama watu waliofunga tangu juzi? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni karibu na moto, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kupakua kama sisi, alikuwapo Bi Kobe. Alikuwa mzee, tena mzee hasa, na alikuwa na wajukuu wa matawi matatu. Tawi la kwanza liliishi msituni, mkubwa wao Makame. Tawi la pili liliishi mtoni, mkubwa wao Vuai. Tawi la tatu lilihamia baharini likaitwa kasa, mkubwa wao Mize, binti mwenye maneno mengi kuliko mawimbi. Wote damu moja, na kila tawi likiamini kwamba lenyewe ndilo linalompenda bibi kuliko wengine.

Ukoo ule ulikuwa na ada mbili za Siku ya Mwaka. Wenye kinyongo walichapana kwa mashina ya migomba mpaka kinyongo kiwatoke. Kisha chakula kiliandaliwa, na hakuna aliyekigusa mpaka mkubwa wa ukoo ale tonge la kwanza. Ukiwa na njaa, utangoja. Ukilia, utalia huku unangoja.

Sasa, mwaka uliopita Bi Kobe alikula mtoni kwa Vuai. Lo! Makame alimnunia masika yote. Mize ndiyo kabisa, hakumletea hata salamu. Bibi wa watu akakaa peke yake kibarazani, mvua inanyesha, anatazama njia. Upweke ule ulimuuma, jamani. Ulimuuma akaapa moyoni kwamba hautamrudia.

Siku ya Mwaka ilipokaribia, Makame alikuja. "Shikamoo bibi. Mwaka huu unakula kwetu msituni."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naja, naja."

Akaja Vuai. "Shikamoo bibi. Umeshatuzoea, unakula kwetu mtoni."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naja, naja."

Akaja Mize, anatweta, mchanga umemjaa mgongoni. "Shikamoo bibi! Usiniambie umeshaitwa, maana nitalia hapa hapa. Unakula kwetu baharini!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Usilie. Naja, naja."

Mnaona alivyojitia kitanzini? Kobe mmoja, miguu minne, nyumba tatu!

Asubuhi ya Siku ya Mwaka akajifunga leso yake mpya akatoka. Akawa anatembea na kuimba:

"Naja, wanangu, naja,
sichelewi mimi, inachelewa njia."

Akafika njia panda. Kushoto msituni, kulia mtoni, mbele baharini. Akashika njia ya msituni. Hajafika mbali, akasema, "Vuai atasemaje?" Akarudi. Akashika njia ya mtoni. Hajafika mbali, akasema, "Makame ataninunia tena." Akarudi. Akashika njia ya baharini. Hajafika mbali, akasema, "Wale wawili watanikataa kabisa." Akarudi. Jua likampanda utosini. Bi Kobe akakaa chini katikati ya njia panda, akafunika uso kwa leso, akalia.

Huko msituni, wali wa boga umeshapoa kwenye sinia. Mtoni, perege wameshapoa kwenye sinia. Baharini, pweza wa nazi ameshapoa kwenye sinia. Watoto wanalia njaa, na hakuna anayethubutu kulamba hata kidole.

"Yuko kwa Vuai huyo," akasema Makame. "Wamemficha!"

"Yuko kwa Mize," akasema Vuai. "Wamemficha!"

"Yuko kwa Makame," akasema Mize. "Na mimi naenda kumtoa!"

Kila tawi likabeba sinia yake kichwani na mashina ya migomba mkononi, likatoka na watu wake. Na njia zote, mnajua zinakutana wapi. Walipoonana tu pale njia panda, hata salamu hakuna, wala aliyetazama chini.

"Mmempeleka wapi bibi yetu?"

"Bibi yenu nani? Bibi yetu!"

Sinia chini, migomba juu. Ko! Ko! Ko! Lakini jamani, kumpiga kobe kwa mgomba ni kazi bure, maana hapana anayeumia. Wakachapana mpaka mashina yakawa makapi, na kinyongo kiko pale pale.

Hapo ndipo waliposikia kwikwi. Wakageuka. Bi Kobe ameketi kati ya miguu yao, leso imelowa.

"Nipigeni mimi," akasema. "Niliwaitikia nyote watatu."

"Kwa nini, bibi?" akauliza Makame.

"Kwa sababu nawaogopa."

"Unatuogopa sisi? Wajukuu zako?"

"Nawaogopa. Kila mwaka nikila kwa mmoja, wawili wananitupa. Nimekuwa mtu mzima wa kuomba salamu kwenye nyumba za wajukuu zangu."

Wakaangusha makapi ya migomba. Hata Mize, Mize yule, akayatupa yake.

Bi Kobe akatazama sinia tatu. Akanyoosha mkono kwenye boga, akaona macho ya Vuai. Akanyoosha kwenye perege, akaona macho ya Mize. Akanyoosha kwenye pweza, akaona macho ya Makame. Akarudisha mkono. Akaingiza miguu ndani ya gamba, akaingiza kichwa, akafumba macho, akaacha mdomo wazi.

"Anilishe anayetaka," akasema. "Mimi sitaki kumjua."

Akangoja. Tonge haliji. Akangoja. Tonge haliji. Akatega sikio.

"Anza wewe, Mize, umetoka mbali."

"Hapana, anza wewe, Makame, ndiwe mkubwa wetu."

"Aanze Vuai, perege wake ni laini, bibi hana meno."

"Siwezi. Mwaka jana nilikuwa mimi. Anza wewe."

Mle gizani ndani ya gamba, Bi Kobe alitabasamu peke yake. Tangu azaliwe hajasikia maneno matamu kama yale. Akayasikiliza, akayasikiliza, mpaka tumbo likanguruma.

"Basi, jamani," akapaza sauti, "ndiyo nife njaa?"

Wakaangua kicheko, na tonge likaingia mdomoni. La nani? Hakujua. Alikuwa na njaa hata akalimeza bila kulionja. Kisha sinia zikasogezwa pamoja, watoto wakavamia, wakala pale pale njiani kama wasio na kwao.

Hadithi yangu imefika, nami nimefika nayo. Mzee wenu akiwaitikia kila kitu, msifurahi upesi, jiulizeni nani kamtia woga. Na ukimgusa kobe akaingiza kichwa, usidhani anakukimbia. Anangoja tonge, na wewe umekwenda mikono mitupu!