Kamba Zilizo Katikati ya Mkeka

Mtu mmoja alikuwa na mbuzi wachache na mke mgonjwa. Jina lake Lugembe, na mkewe Mwashi. Chini ya ubavu wa Mwashi ulikuwa umeota uvimbe, na tabibu wa zahanati alisema ukatwe upesi, katika hospitali ya mjini, kwa kuwa ukichelewa hautakatika tena. Basi siku ya mnada Lugembe aliwafunga mbuzi wake kamba shingoni, akamshika mkewe mkono, wakaenda. Lori la mifugo lilikuwa likifika siku ya mnada tu, mara moja kwa mwezi, na gari jingine halikuwapo. Lingewachukua wote, mbuzi wakauzwe mjini na Mwashi alazwe.

Walikuta ng'ombe bado wanapakiwa. Nyuma ya banda la ngozi wanaume walikuwa wametandika mkeka, wanacheza poka, kamari ya karata. Lugembe alimketisha mkewe kivulini, akasema anakwenda kutazama tu.

Sheria ya mkeka ule ilikuwa rahisi. Kila mchezaji hugawiwa karata tano, moja moja, ya kwanza kifudifudi na nyingine wazi. Kila karata inapotoka, anayetaka kubaki humvua mbuzi wake kamba na kuiweka katikati badala ya mbuzi mwenyewe. Asiyetaka hulaza karata zake na kuinuka. Kamba ikishawekwa katikati haina mwenyewe mpaka mchezo uishe, na akishinda mmoja anazoa zote.

Lugembe alipewa nafasi, akaketi. Karata zake zilikuwa mbaya tangu mwanzo, naye aliliona hilo. Lakini si rahisi mwanamume kuketi mbele ya wenzake na kuinuka papo hapo. Akaweka kamba. Ikaja ya pili, akaweka tena. Wengine wakalaza zao, mmoja baada ya mwingine, bila haya yoyote, wakaenda kununua chai. Kufikia karata ya nne Lugembe alikuwa na tano, sita, nane na tisa. Saba tu ndiyo ingemwokoa, kwa kuwa karata tano zinazofuatana hushinda jozi, na saba mbili zilikwisha kupita mbele ya macho yake katika mikono ya wale waliotoka. Mbele ya Ngassa, mchuna ngozi, walilala wafalme wawili wazi.

Ngassa hakuwa na haraka. Alisokota tumbaku. Aliinuka akapima ngozi ya mteja, akabishana naye bei, akarudi. Kisha akaweka kamba mbili kwa mpigo, na anayetaka kubaki sharti naye aweke mbili. Lugembe alikuwa amebakiwa na mbuzi wawili.

Lori likapiga honi.

Mwashi akaja, akijishika ubavu, akasimama ukingoni mwa mkeka. Alitazama karata za mumewe, akatazama za Ngassa. Akamwita kwa jina la binti yao, kama alivyomwita siku zote.

"Baba Kabula, walioko katikati si wako tena. Wako ni hawa wawili, na wanatosha. Twende."

"Shemeji naye!" Ngassa alicheka. "Kaka, mbuzi wako wote wale wanakulilia. Utawaacha yatima?"

Lugembe aliutazama ule mrundo wa kamba. Kila moja aliijua, alizisokota mwenyewe. Akamwambia mkewe, "Nenda kaningoje. Nakuja sasa hivi." Akaweka mbili za mwisho.

Karata ya tano ilikuwa saba.

Watu walipiga kelele hata wanunuzi wakageuka. Ngassa akatupa wafalme wake, akatema mate, akampa mkono. Lugembe alizizoa kamba zote, zake na za wengine, mkono ukamjaa. Alipozunguka banda, uwanja ulikuwa na vumbi tupu. Mwashi alikuwa ameketi pale pale. Hakuweza kupanda ubao wa lori bila mtu wa kumshika. Dereva alimwuliza kama yuko peke yake, akajibu kuwa anamngoja mume wake. Dereva alingoja naye kidogo, kisha akaondoka.

Mnada uliofuata ulipofika, Mwashi alikuwa kaburini. Mbuzi wale, wa mumewe na wa kushinda, walichinjwa wakaliwa na waombolezaji. Ngassa naye alikuja. Alikula, akanawa, akamshika Lugembe bega, akamwambia kwa wema kabisa, "Pole, kaka. Lakini siku ile ulicheza vizuri."

Wapo watakaosema kosa la mtu huyu lilikuwa kucheza. Sibishani nao. Lakini nimewajua watu wasiogusa karata, nao wameketi mkekani tangu ujana wao: mmoja katika ugomvi wa mpaka, mmoja katika cheo, mmoja katika kazi ambayo mwenyewe anajua haina mwisho mwema. Ukimwuliza kwa nini hatoki, hakuonyeshi karata aliyonayo mkononi. Anakuonyesha alichokwisha kukiweka. Na wengine hushinda. Hilo ndilo linalotudanganya. Saba ilipokuja haikulifanya kosa la Lugembe kuwa busara. Ilimchelewesha kuliona.

Basi ninyi mnaobaki kwa ajili ya kile mlichokwisha kukitoa: ni nani anayewangoja nje, na ni tangu lini ameacha kuwaita?