Mlolongo Usio na Kichwa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mlio mmoja usiku.

— Mlio gani?

Buuu!

Hapo kale, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga milolongo kumchagua mlinzi wa chemchemi, mlio huo ulimwamsha Kanga na vifaranga wake sita. Lilikuwa baragumu la Kongoni, mpiga mbiu wa Chama cha Pembe. Siku ya nne, uchaguzi!

Kanga aliishi Kando, kwenye vichaka vilivyo kati ya mbuga na mashamba. Jirani zake walikuwa Kobe, Sungura na Digidigi. Hawakuwa watu wa makelele. Walitaka maji, walitaka njia, walitaka amani. Kila kiangazi walisimama nyuma ya Nyati, mkuu wa Pembe, kwa sababu upande wa pili alikuwa Fisi na Chama chake cha Meno. Na Fisi mnamjua.

— Tunamjua!

Aliyeichimba chemchemi alikuwa mama mmoja wa ukoo wa Mhanga, wanyama wachimba mashimo; alizaliwa siku mvua ilipovunja ukame, akapewa jina la mvua hiyo. Alipomaliza kuchimba alisema, "Maji hayana pembe, wala hayana meno." Nyati akamfukuza. Akakataza hata jina lake lisitajwe: atakayelitaja hanywi. Basi mama yule akaitwa "yule" tu, mwaka baada ya mwaka.

Siku ya kwanza Kongoni akaja Kando. "Kila mmoja afunge pembe za mti kichwani!"

"Ee ndugu yangu," Kanga akasema, "nikiinama na mapembe hayo, nitadonoa au nitalima?"

"Asiye na pembe ni nusu mwenzetu!"

Wakafunga. Wakubwa wa Pembe wakacheka, wakaimba:

"Wataenda wapi? Wataenda wapi?
Mbele Fisi, nyuma sisi, wataenda wapi?"

Siku ya pili Kongoni akarudi. "Kila mmoja amtukane jirani ambaye pembe zake zimelegea!"

Kobe akatoa kichwa polepole. "Nimtukane Kanga? Moto ukija, nani hunipigia kelele nikimbie? Wewe?"

"Ukimbie? Wewe?" Kongoni akacheka. "Vuguvugu nyie! Si moto, si baridi!"

Wakubwa wakaimba:

"Wataenda wapi? Wataenda wapi?
Mbele Fisi, nyuma sisi, wataenda wapi?"

Siku ya tatu Kanga aliikuta njia ya chemchemi imezibwa kwa miiba. "Wenye pembe za kweli kwanza," Kongoni akasema. "Ninyi mtakunywa tukishashinda."

Jioni, kifaranga mdogo kuliko wote akalala chini, mdomo wazi, ulimi mkavu. Kanga akamfunika kwa bawa. Na kwa mbali, wimbo ule ule: wataenda wapi, wataenda wapi?

Kanga akazivunja pembe zake za mti. Ka!

"Wameuliza mara tatu," akasema. "Kesho nitawajibu."

"Twende kwa Fisi?" Sungura akauliza.

"Fisi ana tumbo tu, mwenzangu."

"Kwa nani basi?"

Kanga akaelekeza mdomo kwenye chemchemi. Wote wakaelewa. Hakuna aliyethubutu kutaja.

Siku ya nne ikafika. Desturi ilikuwa hivi: aliye mkiani mwa mlolongo ndiye hutaja, kwa niaba ya wote, jina la wanayemtaka, hata kama hayupo. Nyati alisimama huku, Fisi kule. Katikati, mchanga mtupu.

Kobe akampita Fisi. Akampita Nyati. Akasimama katikati, mbele yake hakuna mtu. Sungura akamfuata. Digidigi akamfuata.

"Digidigi!" Nyati akafoka. "Wewe si una pembe?"

"Ninazo, bwana mkubwa. Na kiu ninayo."

Swala wakasikia. Nao walijua nafasi ile ilikuwa ya nani. Mmoja akachomoka mlolongoni mwa Nyati. Kisha watatu. Kisha kumi. Mlolongo wa katikati ukarefuka, ukaupita wa Fisi, ukarefuka, ukaupita wa Nyati.

"Mlolongo usio na kichwa!" Nyati akanguruma. "Bila jina hizo si kura, ni foleni ya upepo! Nani yuko mkiani?"

Alikuwa Kanga, na vifaranga sita chini ya mbawa, yule mdogo akipumua kwa shida.

"Wewe? Haya, taja! Lakini likitoka jina nisilolipenda, hunywi, wewe wala wanao."

Wenzangu, kabla ya jibu, shikeni funzo: usimhesabu mtu ambaye hujamuuliza. Na anayeambiwa hana pa kwenda, ipo siku atafyeka njia yake mwenyewe. Mmeshika?

— Tumeshika!

Basi hadithi yangu inaishia mdomoni mwa Kanga. Ikitoka hapo si yangu tena, ni yenu, nendeni nayo. Kanga alinyoosha shingo, akamtazama Nyati machoni.

"Mmeuliza tutaenda wapi," akasema. "Kwa Mwanamvua!"