Kyakimwa Aliyeipimia Hofu Kimo

Zama zile mlima ulipotapika moto na kuyameza mashamba ya babu zetu, kabla nchi hii haijaitwa Wima na kabla hatujajua kulala juu ya vitanda virefu, alikuwapo Kyakimwa binti Kambale mfua chuma, mjukuu wa Mbusa aliyevuka mto wa majivu akiwa na mivukuto ya kupulizia moto mgongoni. Kyakimwa Goti-Gumu, Kyakimwa Mbeba Mwenge, mwanamke ambaye hadi leo hatunywi maji ya asubuhi kabla ya kumshukuru. Sikilizeni, wana wa Wima, na asikilize zaidi yule anayependa kusema kwamba shujaa hakuwa na woga, maana huyo hamjui shujaa, na woga wenyewe haujui.

Watu wake walioukimbia moto walifika katika bonde lenye udongo mweusi na chemchemi isiyokauka. Wakasema, hapa tumefika. Lakini njia ya kwendea chemchemi ilikuwa moja tu, kati ya miamba miwili, nayo ilishuka ndani ya shimo pana kama uwanja wa ngoma, na ndani ya shimo lile mlikuwa na kifo. Hakikuwa na meno, hakikuwa na harufu, hakikuwa na sauti. Watu wakakiita Mkimya. Mlinzi wa Mkimya alikuwa Mzee Bwambale, mwenye ngozi ya chui begani na sauti ya kutetemesha vyungu, naye aliweka sheria moja: apitaye shimoni apige goti katikati yake, aguse ardhi kwa paji la uso, aombe ruhusa, ndipo apite.

Waliopiga goti siku za upepo waliinuka. Waliopiga goti asubuhi tulivu, wengi wao, hawakuinuka. Na kila asiyeinuka, Bwambale alimtangazia hukumu ile ile: "Moyo wake ulikuwa mchafu." Basi, imekwisha. Maiti ana mdomo gani wa kujitetea?

Asubuhi moja isiyotikisa hata jani, Mbambu, dada yake Kyakimwa, mwanamke aliyekuwa akigawa muhogo wake hata kwa majirani waliomsengenya, alishuka na mtungi, akapiga goti, asiinuke. Upepo ulipovuma adhuhuri wakamtoa. Bwambale akatangaza ya moyo mchafu. Kisha akatangaza na la pili, maana desturi ilikuwa kwamba goti ambalo mama hakulimaliza humaliziwa na mwanawe: siku ya saba, Ithungu binti Mbambu, ambaye hata meno ya utoto hajayang'oa, atashushwa shimoni apige goti.

Kyakimwa hakulia mbele za watu. Moyo mchafu? Mbambu? Aliuzungusha msemo huo kichwani kama mtu anayekagua jembe aliloletewa na fundi mwongo, akaona lilipopasuka. Mbuzi wa nani ana moyo mchafu? Maana mbuzi walikufa shimoni. Kuku walikufa upesi kuliko mbuzi. Na ng'ombe, waliopita vichwa juu, walitoka salama, isipokuwa yule dume jekundu aliyeinama kula nyasi. Je, kuku ana dhambi kubwa kuliko ng'ombe?

"Si dhambi," akajisemea. "Ni urefu."

Siku ya pili akawasha mwenge wa mianzi, akaenda ukingoni mwa shimo peke yake. Akatapika kando ya njia, na hilo tunalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alitaka lisemwe. Kisha akashuka hatua tano, wima, akauteremsha mwenge taratibu. Usawa wa kifua uliwaka. Usawa wa kiuno uliwaka. Ulipofika gotini ulizimika, pu, kana kwamba umechovywa majini, na moshi wake haukupaa wala haukushuka. Ulitandaa hewani kama mkeka.

Hapo binti wa mfua chuma akakumbuka karakana ya baba yake. Tangu utoto alikuwa akivuta mivukuto, na Kambale alizoea kumwambia, "Moto nao unapumua, binti yangu. Unyime pumzi, utauzika." Pasipopumua moto, hapapumui mtu. Mkimya hakuwa bwana wa kuombwa ruhusa. Alikuwa pumzi nzito iliyotoka ardhini na kulala chini shimoni kama maji ndani ya bakuli, na sheria ya Bwambale ilikuwa ikiwazamisha watu humo, mmoja mmoja, kwa heshima zote.

Siku nne zilizofuata alirudi na mwenge, na kila asubuhi alichora kwa mkaa juu ya mguu wake pale moto ulipozimikia. Siku ya upepo, kifundoni. Siku ya ukungu, pajani. Na kila asubuhi alitapika.

Siku ya saba watu wote walijaa ukingoni. Palikuwa kimya, hapana upepo. Bwambale akanyoosha mkono amchukue mtoto, lakini Kyakimwa alikwisha kumpandisha Ithungu mabegani mwake, mkononi ana mwenge, miwili mingine kiunoni, na mguu wake una mistari kama punda milia.

"Mshushe apige goti!" Bwambale akanguruma.

"Atakunywa maji kwanza, Mzee wangu. Goti tutalizungumza baadaye."

"Tazameni, kajichora masizi!" mwanamume mmoja akapaza sauti. "Mfua chuma kazaa chungu!"

"Chungu kimoja," Kyakimwa akajibu, "na humo ndimo utakamopikiwa jioni, kama utakuwa bado hai. Nyamaza utazame moto."

Akashuka. Ithungu alizishika nywele zake kwa mikono miwili.

"Mama mdogo, unatetemeka."

"Natetemeka, mwanangu. Kaza mikono, usiinamishe kichwa."

Akafika katikati, mahali pa kupigia goti, ambapo ardhi ilikuwa imelainika kwa mapaji ya nyuso za watu. Akauinua mwenge wauone wote, akauteremsha. Ukazimika juu kidogo ya goti. Ukingoni watu walipiga ukelele mmoja. Akautupa, akawasha wa pili kwa kaa la moto alilolibeba ndani ya kigae begani, akauteremsha, ukazimika pale pale. Wa tatu, pale pale. Kisha akatembea, wima, hadi upande wa pili, akateka maji kwa kiganja, akamnywesha mtoto wa dada yake.

Akageuka, akatangaza kwa sauti iliyogonga miamba yote miwili: "Dada yangu hakuwa na moyo mchafu! Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na moyo mchafu. Waliinama, basi!"

Hapo ndipo Bwambale alipovua ngozi ya chui, akaketi chini kama mtoto, akalia, kwa kuwa mzaliwa wake wa kwanza alikuwa mmoja wao, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuinama vizuri. Wengine walitaka kumpiga mawe. Kyakimwa akawazuia, akampa mwenge, akamfanya mpima shimo wa kwanza. Naye akaifanya kazi hiyo kila asubuhi hadi alipozeeka, na hakukosea hata siku moja.

Bibi mmoja akamuuliza, "Sasa kwa kuwa umejua, huogopi tena?"

Na jibu lake ndilo tunalowafundisha watoto wetu kabla ya kuwafundisha kuhesabu: "Naogopa, Bibi. Ila jana niliogopa shimo zima, na upepo, na moyo wangu, na moyo wa dada yangu. Leo naogopa hadi hapa." Akaonyesha mstari wa mkaa. "Juu ya hapa naishi."

Miaka ikapita, watu wakaongezeka, vijiji vikashuka bondeni. Kyakimwa akazeeka, na uzee, ambao haujui adabu, ukampinda mgongo yeye hasa, hata kichwa chake kikawa usawa wa kiuno cha wenzake. Asubuhi moja ya ukungu ardhi ikatikisika, na pumzi ile nzito ikafurika shimoni, ikatambaa hadi kwenye nyumba za chini. Miali ya mienge ikaanza kuzimika usawa wa kiuno. Watu wakapanda mwambani, lakini nyumba ya mwisho ilikuwa na mtoto mchanga, na mamake alikuwa ameanguka mlangoni.

Kyakimwa alijua. Hakuna aliyejua kama yeye. Alikuwa amepima maisha yake yote, na alijua kimo chake kwa upana wa kidole. Ithungu, mwanamke mrefu sasa, alikuwa mbali, upande wa pili, akiwabeba wengine. Kyakimwa akatetemeka, kama siku zote. Akavuta pumzi moja kubwa, kama mvukuto wa baba yake, akaingia.

Ithungu alipofika alimkuta ameegemea nguzo ya ghala la nyumba ile ya mwisho. Mgongo ule uliopinda miaka kumi ulikuwa umenyooka, mikono yake yote miwili iko juu, na juu ya mikono, penye paa la ghala, mtoto akilia kwa nguvu zote za mapafu yake. Kyakimwa alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa amesimama.

Ndiyo maana nchi hii inaitwa Wima. Ndiyo maana kila mwimo wa mlango una mstari wa mkaa, vitanda vyetu vina miguu mirefu hata wageni hutucheka, na watoto tunawabeba mabegani. Ndiyo maana hatupigi goti mbele ya mfalme wala mganga, wala hatumwambii mfiwa kwamba marehemu wake alikuwa na moyo mchafu. Na mtu wa Wima akikutana na mwenzake asubuhi humwuliza, "Hofu imefika wapi?" Naye hujishika mguuni, au pajani, au kiunoni, amwonyeshe hofu yake ya siku hiyo, bila haya, kisha wote wawili huitikia, "Juu ya hapa tunaishi. Ahsante, Kyakimwa."

Yaliyosimuliwa yamesimama. Nasi tusimame.