Joho la Mvua la Sultani wa Rahaba

Zamani, katika mji wa Rahaba ulio bondeni baina ya vilima viwili vyekundu, alitawala Sultani Shabwani bin Nadhiri, mtu wa haki na wa maneno machache, na katika enzi yake Mwenyezi Mungu aliujaribu mji ule kwa ukame wa miaka saba, hata visima vikatoa vumbi, na mitende ikakauka imesimama, na watu wakanunua maji kwa kikombe kama wanunuavyo marashi. Nami ninayesimulia nasema mapema kwamba hekaya hii haina shujaa. Ina mshoni mmoja na aibu yake, na aibu hiyo ni kubwa kuliko yangu na yako, au ndivyo ninavyoomba iwe.

Watu wa Rahaba walikuwa na mapatano ya kale na Jinni Ghamamu, mchunga mawingu, ambaye babu yake Sultani alimfunga kwa kiapo. Mvua ikikatika, kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alivaa nguo zake ndani nje, ili mishono na viraka vionekane na kiburi kiondoke, na Sultani naye aligeuza joho lake la zari, bitana ikawa juu na dhahabu ikafichika. Jinni akiona mji mzima hauna nguo inayometa, hufahamu kwamba watu wana shida, akaleta mvua. Na mvua ikitosha, Sultani hupanda juu ya dari ya kasri akaligeuza joho upande wake wa haki, na Jinni akiiona ile dhahabu huyafukuza mawingu. Ishara nyingine hana. Majini wana nguvu nyingi lakini si wepesi wa kuelewa. Huambiwa jambo moja wakalishika hilo hilo.

Basi mwaka wa nne wa ukame mji wote uligeuza nguo, lakini Ghamamu alikuwa mbali na mawingu yake katika nchi za machweo, na safari ya kurudi ilimchukua miaka mitatu. Katika miaka hiyo joho lilivaliwa kila Ijumaa, na siku nyingine zote lilikaa kwa Fundi Ghalibu bin Seif, mshoni wa kasri, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake na kuapishwa kwayo juu ya msahafu.

Mwaka wa tano mke wa Ghalibu alishikwa na homa kali, na nyumbani hamkuwa na tone la maji. Ghalibu akafumua uzi mmoja wa zari, akamwuzia sonara mpita njia, akanunua kiriba cha maji, na mke akafariki hata hivyo. Angeishia hapo, mimi ningekuwa wa kwanza kumtetea. Lakini aliona kwamba hakuna aliyejua, kwa kuwa upande wa zari ulikuwa umegeukia ndani, na nani atathubutu kumfunua Sultani nguo yake mwilini? Akafumua uzi wa pili kwa ajili ya unga, na wa tatu kwa ajili ya udi, na nyuzi nyingine nyingi kwa ajili ya kitanda cha kuchonga chenye miguu ya pembe, na mahali pa kila uzi akashona uzi wa pamba uliochovywa katika bizari. Hata ulipoingia mwaka wa saba, joho zima la masultani wa Rahaba lilikuwa la bizari tupu.

Ndipo Ghamamu akafika. Akaja na mawingu ya miaka saba kwa pamoja, meusi, yamebanana, na mvua ikashuka asubuhi ya Jumatatu, na watu wakatoka njiani wakicheka na kulia. Katika birika la ua wa msikiti palisimama jiwe refu la kupimia maji, na alama ya juu kabisa, iliyochongwa siku za babu yake Sultani, ilikuwa usawa wa kifua cha mtu. Jumatano adhuhuri maji yaliifunika alama ile, jambo ambalo hata vitabu vya kasri havikuwa nalo.

Waziri Mundhiri akasema barazani, "Ewe maulana, ardhi imekunywa na alama imezama. Wakati umewadia wa kuligeuza joho."

Ghalibu alijua kwamba joho likigeuzwa ataumbuka. Akajitokeza, akainama, akasema kwa sauti tamu, "Maulana, mtumwa wako anaomba radhi. Ardhi hii imeona kiu miaka saba, na leo imekunywa siku tatu tu. Je, mwenye kiu hunyang'anywa kikombe mdomoni? Waachie raia zako mvua japo siku mbili."

Watu wakamsifu kwa huruma yake, na Sultani, aliyewapenda raia wake kupita kiasi, akakubali. Naona haya hata kuyasimulia maneno hayo, jinsi yalivyokuwa mazuri.

Siku mbili zile zilifanya ambalo siku tatu za kwanza hazikulifanya. Vilima viwili vilimwaga maji yote bondeni, na nyumba za udongo zikalainika zikakaa chini moja baada ya nyingine, na mbuzi wakaelea pamoja na milango na vinu, na watu wakapanda juu ya dari za mawe. Nyumba ya Ghalibu ilikuwa ya mawe.

Ijumaa, baada ya kupambazuka, akasikia hodi. Alikuwa jirani yake, Bi Zuwena, muuza mikate, maji yakimfika kiunoni, na baibui lake bado limegeuzwa ndani nje.

"Karibu, mama," akasema Ghalibu, akamkalisha juu ya kitanda cha kuchonga, kwa kuwa hapakuwa na pengine pakavu.

"Sikai sana, mwanangu. Nimekuja kukushukuru. Wameniambia ni wewe uliyemwomba Sultani atuachie mvua. Mume wangu Sudi, na upofu wake, juzi alisimama njiani tangu asubuhi hadi jioni amefungua kinywa, anakunywa, anacheka. Miaka saba sikumsikia akicheka."

"Yuko wapi Mzee Sudi?"

"Ukuta wa jikoni ulimwangukia jana alasiri. Tumemlaza msikitini ghorofani, maana kaburi halichimbiki, shimo linajaa maji." Alisema kama anayetaja bei ya mkate. "Lakini amekufa ameshiba maji, Ghalibu. Kwa hilo nakushukuru."

Ghalibu akataka ardhi immeze, na ardhi ilikuwa chini ya maji. Akasema, "Usinishukuru, mama," akamweleza yote, uzi wa kwanza hadi wa mwisho, wala hakujitetea kwa homa ya mkewe.

Bi Zuwena akakitazama kitanda alichokalia. Akainuka, akasimama ndani ya maji.

"Nenda ukamwambie Sultani," akasema. "Nami nitakwenda nawe, maana ukienda peke yako utageuka njiani."

Wakaenda. Sultani alikuwa barazani amevaa joho bitana juu, na waliopoteza nyumba wamejaa mpaka ngazini. Ghalibu akapiga magoti mbele yao wote, akasema, "Maulana, joho lako halina dhahabu. Mimi ndiye niliyeiiba, na nilikuomba siku mbili si kwa kuwahurumia watu, bali nisijulikane."

Sultani akalivua joho akaligeuza kwa mkono wake, na matone ya mvua yalipoligusa, bizari ikachuruzika juu ya kanzu yake nyeupe. Waziri akauweka mkono upangani.

"Ukimkata kichwa, nani atashona?" akauliza Sultani kwa upole. Kisha akamgeukia Ghalibu. "Hazina yangu niliiuza mwaka wa sita kwa mchele wa watu hawa. Nilibakiza joho hili peke yake, kwa sababu ya siku kama ya leo. Nililala na njaa, Ghalibu, na joho liko kwako."

Kisha Bi Zuwena akapeleka mkono puani, akatoa kipini cha dhahabu ambacho Mzee Sudi alimvika siku ya harusi yao, akakiweka kiganjani mwa Ghalibu. "Shona," akasema. Na nyuma yake wanawake wakaanza kuvua herini, na wanaume pete, hata mama mmoja akaivua bangili ya mtoto aliyekuwa mgongoni. Ghalibu akakaa juu ya dari, mvuani, akashona dhahabu ya watu aliowazamisha, na kila aliyemkabidhi alimjua kwa jina, na hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana.

Alasiri joho lilipofunikwa lote, Sultani akalivaa, na dhahabu ikameta chini ya wingu. Mawingu yakapasuka na Ghamamu akatoa uso wake mpana wa kijivu.

"Mbona mmekawia?" akanguruma. "Mikono yangu imechoka kumimina. Nani aliyenicheleweshea ishara?"

Sultani hakumtaja mtu. Ghalibu akainuka akasema, "Ni mimi." Jinni akamtazama, akayakusanya mawingu yake, akaenda zake.

Maji yalipopungua, Sultani alihukumu Ghalibu achonge kwa mkono wake alama mpya juu ya jiwe la kupimia, mahali maji yalipofika siku ya Jumatano mvua ilipopaswa kukoma, na juu yake alama ya Ijumaa, ili kila mtu aone kilichozidi. Kisha akamrudisha kazini. Wasikilizaji wa hekaya hutaka harusi, na ilikuwako: binti Sultani, Jokha, aliolewa mwaka wa mavuno yaliyofuata, na Ghalibu alishona nguo zake barazani mchana, mbele ya watu, kwa ombi la mshoni mwenyewe. Na mwenye kusikia ashike hili: aibu inayosemwa siku ya kwanza humwuma mwenyewe, na inayofichwa huwaangukia majirani.

Dhahabu yote ilirudishwa kwa wenyewe. Ghalibu alipopeleka kipini, Bi Zuwena alikuwa akipanga mikate, wala hakunyoosha mkono.

"Kirudishe kwenye joho," akasema, "nawe ukilipiga burashi uwe unakiona."

Akakishona kifuani, upande uliokuwa wa zari. Na kila Jumamosi hadi kufa kwake, alipolikunja joho, alikiona.